Mgongo wa Simba

Mtaa mzima ulimwita Dada Fundi, na hakuna aliyekumbuka kuuliza alipewa jina gani alipozaliwa. Alikuwa na chumba kimoja cha kazi kando ya barabara: mlango wa mbao, cherehani cha kukanyaga, meza ya kukatia iliyotokana na mlango wa nyumba ya mtu mwingine iliyobomolewa, na pasi iliyomchoma yeye mara nyingi kuliko ilivyonyoosha nguo. Alishona sare za shule. Kaptura, sketi, kaptura tena, maana watoto hawaachi kurefuka hata uwapigie magoti. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha, na aliichukia kwa moyo wake wote.

Aliyoipenda ilikuwa nyuma ya pazia, ndani ya magunia matatu aliyoyaning'iniza darini panya wasiyafikie. Mle mlikuwa na fisi, nyani wawili, sungura, dubu, na mbwa mwitu ambaye panya walikuwa wameshamla sikio moja kabla magunia hayajapandishwa. Wote walikuwa mavazi ya kuigizia, aliyoyashona yeye kwa kitambaa cha manyoya. Manyoya bandia, yale ya kiwandani, ambayo ukiyachoma kwa kiberiti hayatoi harufu ya nywele, yanayeyuka na kugandamana kama ushanga.

Sasa wewe nenda kwenye maduka ya vitambaa ukaulizie manyoya, uone watakavyokucheka. Mwenye duka mmoja alimuuliza Dada Fundi kama anataka kumvika mbuzi koti. Kwa hiyo yeye alitafuta kwenye mitumba, na akajua kutafuta. Kola za makoti ya baridi. Mazulia madogo ya bafuni. Mifuniko ya usukani wa gari. Matandiko ya kitanda ya matajiri wa mbali waliochoka nayo. Siku moja alinunua midoli mikubwa minne, akaifumua yote mbele ya mlango, pamba ikaruka barabarani mchana kutwa, na kina mama wa jirani wakasema basi, kichwa chake kimeruka na pamba hiyo.

Kulikuwa na muuza mitumba mmoja, mtu mnene wa utani mwingi, ambaye wenzake walimwita Robota kwa sababu ya umbo lake. Huyo alikuwa akimpigia simu kila anapofungua mzigo wa makoti.

"Dada Fundi, njoo haraka. Nimepata maiti ya dubu."

"Umeiosha?"

"Maiti huoshwa na ndugu zake. Njoo umchukue ndugu yako."

Dada Fundi alikuwa akifika hapo na kuingiza mkono kwenye lundo bila hata kutazama. Vidole vyake vilijua. Akishapata, alipuliza manyoya yafunuke, aone kama ngozi ya nyuma, kile kitambaa yalikoota, imefumwa vizuri au ni wavu mtupu utakaovuja manyoya mpaka mnyama abaki uchi. Robota alipenda kumwambia kwamba mwanamke mwingine angepuliza hivyo chai, siyo koti la marehemu. Dada Fundi alicheka, akalipa, akaondoka na furushi chini ya kwapa, na siku hiyo hata kaptura zilishoneka.

Kukata manyoya si sawa na kukata kaptura. Asiyejua hukamata mkasi na kukata kama anavyokata kitambaa chochote, na papo hapo ameshaharibu, maana manyoya ya ukingoni yote yamenyolewa na mshono utaonekana kama kovu la upasuaji. Dada Fundi alikilaza kitambaa kifudifudi, akachora kwa chaki, akaichana ngozi ya nyuma peke yake kwa ncha ya wembe, polepole, huku akipumua kwa pua ili vumbi la manyoya lisimwingie kifuani. Liliingia tu. Alikuwa na kikohozi cha miaka, kikavu, kisichoponywa na dawa yoyote ya duka la jirani. Akishashona alichukua pini, akachokoa manyoya yaliyonaswa kwenye uzi, moja baada ya jingine, halafu akapitisha kitana. Ukitazama hapo huoni mshono. Unaona mnyama.

Na kabla ya kugusa wembe alichora mishale. Manyoya yana mlalo wake, kama ya paka. Ukipitisha mkono kuelekea yalikolala, yanateleza. Ukiurudisha, yanasimama na kukukwaruza. Basi kila kipande mshale wake sharti utoke puani kwenda mkiani, na kwenye miguu utoke juu kwenda chini. Ukigeuza kipande kimoja tu umekwisha: chini ya taa kitambaa kilekile kinakuwa rangi mbili, huku kinang'aa, kule kimefifia kana kwamba kimemwagiwa maji. Alikosea hivyo mara moja, mwaka wake wa kwanza, kwenye paja la sungura, akalia kama aliyefiwa. Hakurudia tena.

Sungura huyo alimshonea mdogo wake, aliyeitwa Kipusa na watu wote tangu alipokuwa na meno mawili. Mama yao alikufa Kipusa akiwa na miaka mitatu na Dada Fundi kumi na sita. Baba alikuwa ameshajiondokea zamani, na hatutampotezea maneno. Dada Fundi aliacha masomo, akaenda kujifunza kushona kwa fundi mmoja mkali aliyempiga vidole kwa rula, na kwa vidole hivyohivyo akamlea mtoto. Kipusa alipofika miaka minane, shuleni kwao kukawa na mchezo wa kuigiza. Alirudi nyumbani analia: amepangiwa kuwa sungura, na mwalimu amesema kila mtu aje na vazi lake. Dada Fundi alitazama zulia la bafuni alilookota kwenye mitumba, akamtazama mtoto, akachukua wembe. Usiku na mchana akamshonea. Siku ya mchezo watoto walitaka kumshika sungura masikio wajue kama ni wa kweli, na Kipusa akajua siku hiyo kwamba anataka kushangiliwa maisha yake yote. Dada Fundi naye, aliyesimama nyuma kabisa karibu na mlango, alijua la kwake.

Na tuwe wakweli, Kipusa alikuwa na kipaji. Simpaki mafuta. Alipoingia ndani ya fisi alitembea mpaka mbwa wa mtaani wakakimbia. Alipokuwa nyani, watu wazima walificha ndizi zao. Alikwenda mashuleni, kwenye wodi za watoto, kwenye sherehe za makampuni, akisimulia hadithi na kuziigiza peke yake, na kila mwaka alihitaji mnyama mpya. Mmoja anashona, mmoja anavaa. Hawakuandikiana popote. Ndugu wa tumbo moja waandikiane nini?

Miaka ikaenda. Kipusa akahama, akapanga nyumba yenye bafu la ndani, akaanza kuongea na simu huku akitembeatembea chumbani. Dada Fundi akabaki palepale na pasi yake. Hakulalamika. Alikuwa na jambo moja tu alilolingoja, na alilingoja kimyakimya mpaka likawa kama jiwe ndani ya kiatu: siku moja Kipusa asimame mbele ya watu na kusema, huyu mnyama ameshonwa na dada yangu. Maneno hayo tu. Hakutaka pesa, hakutaka picha gazetini. Alitaka yatamkwe mara moja, watu wakiwepo.

Asubuhi moja alikuwa anapiga pasi sketi za shule ya msingi. Kinyozi wa chumba cha pili alikuwa amefungulia redio kama kawaida yake, mtaa mzima usikie. Ikasikika sauti ya Kipusa. Dada Fundi akaweka pasi wima, akasogea mlangoni, tabasamu limeshamjaa usoni.

"Wengi wanajiuliza," mtangazaji akasema, "haya mavazi ya ajabu unayapata wapi?"

"Nashona mwenyewe," Kipusa akajibu, bila hata kukohoa. "Kitambaa cha manyoya hakiuzwi madukani, kwa hiyo nakwenda kwenye mitumba, nachakura mwenyewe. Napuliza manyoya nione ngozi ya nyuma. Halafu nakata kwa wembe, siyo mkasi. Ni kazi ya upweke kidogo, lakini ndiyo roho yangu."

Kinyozi alichungulia kutoka kwenye chumba chake, mashine ya kunyolea mkononi, akamtazama Dada Fundi. Akarudi ndani akapunguza sauti ya redio, na hilo la kupunguza sauti lilimuuma Dada Fundi kuliko yote, kwa sababu lilikuwa la huruma.

Jioni hiyo hakungoja kualikwa. Alikwenda nyumbani kwa mdogo wake, akakaa kwenye kochi ukingoni, mkoba mapajani.

"Nimekusikia redioni."

Kipusa alikuwa anamenya chungwa. "Ulisikia? Nilikuwa natetemeka, dada, hujui tu."

"Nimesikia unachakura mitumba. Unachakura kwa nani? Maana Robota hakujui hata kwa sura."

Chungwa likasimama mkononi. Kipusa alikuwa mwongo wa jukwaani, na waongo wa jukwaani nyumbani hawawezi. Uso wake ulimsaliti.

"Dada, nisikilize. Wale watu wanataka hadithi ya mtu mmoja. Ukianza kusema huyu kafanya hivi, yule kafanya vile, wanachoka, wanazima redio. Na si yote ni ya nyumbani? Nikipata mimi, si umepata wewe?"

"Nimepata nini?"

Kipusa akaweka chungwa mezani. Halafu akaja kukaa sakafuni, akaweka kichwa kwenye magoti ya dada yake kama alivyofanya utotoni akiwa na homa. Jumba kubwa la maonyesho, akasema, limemkubalia. Jukwaa la kweli, taa za kweli, viti mia sita. Mkurugenzi wa jumba anataka hadithi ya simba mzee aliyefukuzwa na wanawe. Simba, dada. Hajawahi kuwa na simba. Na siku hiyo, onyesho likiisha, mkurugenzi atamwita mbele kuongea na watu, na hapo ndipo atakapomtaja. Kwa kinywa chake, mbele ya viti mia sita. "Kama siyo wewe mimi ni nani? Nitakutaja. Haki ya mama nitakutaja."

Aliapa kwa mama. Dada Fundi angefanya nini? Alimpapasa kichwa, akamwambia amalizie chungwa lake.

Simba alichukua wiki sita. Robota alihangaika naye kama mtu anayemtafutia mwanawe mchumba, akafungua mizigo mitatu bure, mpaka akapata tandiko la kitanda, pana, zito, rangi ya majani makavu, lenye manyoya mafupi yanayolala kama yamepakwa maji. Lilitosha simba mmoja kamili, bila hata kiraka cha akiba. Manyoya ya shingoni Dada Fundi aliyatoa kwenye kola kumi na moja za makoti ya kike, kahawia na nyeusi, alizozipanga za giza ndani, za mwanga nje. Kichwa alikichonga kwa sponji la godoro. Ndani aliweka shuka kuukuu la pamba ili jasho la Kipusa lisimdhuru, na chini ya makwapa akaacha matundu ya hewa yaliyofichwa na manyoya, mahali ambapo hata fundi mwenzake asingeyaona. Wenye sare walikuja wakarudi mikono mitupu. Aliwaambia ana mgeni.

Zikabaki siku nne. Simba alikuwa amekamilika miguu, tumbo, kichwa na mkia. Kilibaki kipande cha mgongo, kuanzia kiunoni kwenda nyuma, kile kikubwa kinachobeba macho ya watu wote. Kilikuwa kimelala mezani kifudifudi, chaki mkononi mwa Dada Fundi, Robota alipoingia anahema, karatasi ya onyesho mkononi.

"Nimepita kwa wapiga chapa," akasema. "Wanaigawa bure. Nikasema lazima Dada Fundi aone jina la..." Hapo akawa ameisoma yote, akainyoosha bila kumalizia.

Dada Fundi aliichukua. Karatasi nzuri, nzito. Picha ya Kipusa. Hadithi na Kipusa. Uigizaji, Kipusa. Na chini, kwa herufi zilizokolezwa: Mavazi yametafutiwa kitambaa, yamebuniwa na kushonwa kwa mkono na Kipusa mwenyewe.

"Labda wapiga chapa wamekosea," Robota akasema. Akasema ana mzigo unaomngoja, akatoka kinyumenyume kana kwamba mle ndani kuna mgonjwa.

Dada Fundi alipiga simu. Kipusa alipokea huku vyombo vya muziki vikilia nyuma yake.

"Karatasi inasema nini, Kipusa?"

"Aa, dada, ile wameichapa wao. Mimi nitasema kwa mdomo siku yenyewe, nimeshakuahidi."

"Wao waliambiwa na nani?"

"Dada, wananiita mazoezini. Tutaongea." Akakata.

Dada Fundi alikaa na ile karatasi kwa muda ambao chai ingechemka na kukauka. Hasira yake haikuwa ya kupiga kelele. Yeye hakuzaliwa na koo la kelele. Alifikiri polepole, kama anavyokata. Kipusa hatasema. Hilo sasa alilijua kama anavyojua kitambaa kwa vidole. Basi kama hasemi kwa hiari, atasema kwa kubanwa. Simba akitoka chini ya zile taa mgongo wake una rangi mbili, watu watanong'ona. Mkurugenzi, mtu wa kazi hiyo, ataona. Atauliza mbele ya watu: hapa imekuwaje? Na Kipusa, ambaye katika maisha yake hajawahi kuchora mshale mmoja, atababaika, hatakuwa na jibu, na hatakuwa na njia nyingine ila kusema: muulizeni dada yangu, ndiye fundi. Siku hiyo ndiyo angemwonyesha kilichomtoa kanga manyoya.

Akachora mshale. Aliuchora kutoka mkiani kwenda puani. Mkono ukakataa kidogo, akaushika kwa mkono wa pili. Halafu akachukua wembe na kukata, na baada ya hapo hapakuwa na kurudi, kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimekwisha.

Alipokishona alijiona kama mtu aliyempa mtoto chakula kilichoharibika. Mwana wa watu, simba mzuri vile, na yeye ndiye amemlemaza. Na bado alikaa akachokoa kila unyoya ulionaswa kwenye mshono ule wa makosa, akapitisha kitana. Hakuweza kuuacha hivihivi.

Kipusa alikuja kulichukua vazi siku moja kabla ya onyesho. Alilivaa palepale katikati ya vipande vya sare, akajigeuza mbele ya kioo, akanguruma kidogo. Mkono wake ukapita mgongoni kwenda nyuma. Ukateleza, ukateleza, ukafika kwenye kiuno, ukaingia kwenye manyoya yaliyosimama kinyume. Dada Fundi alitaka mdogo wake ashtuke. Laiti angeshtuka, angemwambia kila kitu, wangelia, wangekwenda kumgongea Robota mlango watafute kitambaa kingine hata kama ni cha rangi ya mkojo. Mkono ulipita moja kwa moja mpaka mkiani.

"Dada," Kipusa akasema, "huyu umejipita mwenyewe."

"Vaa polepole usichane makwapa."

Onyesho lilikuwa Jumamosi alasiri, ili watoto waweze kuja. Dada Fundi alipewa kiti safu ya kumi na mbili, katikati. Kulia kwake alikaa mama mmoja mwenye marashi makali na mabinti wawili. Taa zikazimwa, zikawaka jukwaani, na simba akaingia.

Ilikuwa kama alivyojua itakavyokuwa. Mabega ya simba yalikuwa rangi ya majani makavu, na kuanzia kiunoni rangi ikabadilika ghafla, nyeupe, inang'aa kwa ubaridi kila alipogeuka. Mtu angefikiri ni wanyama wawili walioungwa. Dada Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akangoja mnong'ono. Akawatazama watu upande huu na upande ule. Walikuwa wamefumbua midomo. Simba alifukuzwa na wanawe, akajikokota jangwani, akalamba jiwe akidhani ni maji, na mama wa marashi akatoa kitambaa akafuta macho. Hakuna aliyenong'ona. Saa nzima, viti mia sita, hakuna hata mmoja.

Simba alipokufa, makofi yalitaka kuvunja paa. Kipusa akavua kichwa, nywele zimelowa jasho, akainama. Mkurugenzi akapanda jukwaani na kipaza sauti, mtu mrefu wa suti, akasema kabla ya kwenda nyumbani wanaweza kumuuliza msanii maswali mawili matatu. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa msichana mdogo wa safu ya mbele.

"Kwa nini simba mbele ana rangi moja na nyuma ana rangi nyingine?"

Watu wakacheka kwa upendo. Dada Fundi hakucheka. Alishika mkono wa kiti. Mtoto mmoja ameona. Inatosha. Mkurugenzi aliinama, akatazama mgongo wa simba kwa karibu, akainua nyusi. "Kweli bwana. Mimi mwenyewe sikuwa nimeliona hilo. Hebu tuambie."

Kipusa alijigeuza ajitazame mgongoni. Kwa nukta moja uso wake ulikuwa mtupu kabisa, na Dada Fundi akaegemea mbele, midomo yake ikitamka bila sauti: sema.

Kisha Kipusa akatabasamu.

"Una macho makali sana wewe," akamwambia mtoto. "Nimefanya makusudi. Simba huyu amezeeka. Mbele bado anajiona mfalme, lakini nyuma, mahali asipopaona mwenyewe, uzee umeshamfikia. Kwa hiyo nilipokuwa nashona nikakigeuza kitambaa, ili taa imsute. Iliniuma kukikata hivyo, lakini ndivyo alivyotaka kuwa."

Jumba zima likaguna kwa kuridhika, na makofi yakaanza upya, makubwa kuliko ya kwanza. Mkurugenzi alikuwa anatikisa kichwa kwa mshangao. Mama wa marashi aliwainamia mabinti zake. "Mmesikia? Hiyo ndiyo akili. Mwenyewe kabisa, kwa mikono yake."

Dada Fundi akajikuta amesimama. Hata yeye hakujua miguu imepata wapi ruhusa.

"Siyo makusudi," akasema. Sauti ilitoka nyembamba, makofi yakaimeza. Akasema tena, na safari hii makofi yalikuwa yanapungua. "Siyo makusudi ya sanaa hayo. Mlalo umegeuzwa. Ni makosa. Kipande cha mgongo kimekatwa kinyume."

Vichwa vikageuka. Alitaka kuendelea, na hapo ndipo alipoona alipojifungia. Aseme nini? Nimekikata mimi? Watamuuliza, kwa nini fundi akate vibaya? Aseme nilimtegea mdogo wangu? Atakuwa dada mwenye kijicho aliyekuja kumharibia mtoto wa mama yake siku yake kubwa. Na aseme yote mengine, fisi, nyani, dubu, nani atasadiki kwamba aliyewashona wale hajui mgongo wa simba unalala wapi? Shahidi wake alikuwa kazi yake, na kazi yake alikuwa ameshaivunja miguu kwa mkono wake mwenyewe.

Kule jukwaani Kipusa alikuwa amemwona. Walitazamana juu ya vichwa vya watu wote wale. Macho ya Kipusa yalikwenda kwenye mgongo wa simba, yakarudi kwa dada yake, na Dada Fundi akajua kwamba sasa ameelewa, kwamba hatimaye ameelewa mlalo ni nini na nani aliugeuza na kwa nini. Midomo yake ilifunguka. Kipaza sauti kilikuwa mkononi. Alihitaji kusema neno moja tu.

"Jamani," Kipusa akasema, na sauti yake ilitetemeka kidogo, kwa uzuri, "yule pale ni dada yangu mkubwa. Yeye ni fundi wa sare za shule. Kwenye sare kila kitu lazima kilale upande mmoja, ndiyo maana amekasirika na simba wangu." Watu wakacheka, kicheko kizuri, kisicho na ubaya wowote. "Mama yetu alikufa nikiwa mdogo. Yule ndiye aliyenilea. Nilimwahidi kwamba leo nitamtaja. Mpigieni makofi."

Wakampigia. Wote, mpaka mkurugenzi, aliyeinamisha kichwa kuelekea safu ya kumi na mbili. Mabinti wa mama wa marashi walimkodolea macho. Mama yao alimshika Dada Fundi mkono, akaubana kwa furaha.

"Hongera, mama. Umelea."

"Asante," Dada Fundi akasema.

"Na usijali, haya mambo ya kisanii siyo rahisi kwa sisi watu wa kawaida kuyaelewa."

Nyuma yake mtu akamwomba kwa adabu akae, watoto hawaoni. Mkono wa pili ulikuwa umeshainuka kule mbele na swali jingine limeanza. Akakaa.